Imana Hurudi Usiku: Anga la Kamembe na Maana ya Maisha

Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba wazee wetu hawakulitazama anga la usiku kwa ajili ya uzuri wake tu. Walilisoma ili wajue Mungu yuko wapi na binadamu ana kazi gani duniani.

Methali mashuhuri ya Kinyarwanda husema: Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda. Yaani, Mungu hushinda kwingine, lakini jioni hurudi kulala Rwanda. Kutokana na imani hiyo, mwanamke aliyetarajia kuzaa hakulala bila kuacha maji ndani ya nyumba, ili usiku Imana ayatumie kumfinyanga mtoto. Kwa hiyo usiku haukuwa wakati wa hofu pekee, bali ulikuwa wakati wa uumbaji.

Wamisionari Wakatoliki walifika Save mwaka 1900 na Mibilizi, jirani na Kamembe, mwaka 1903. Katika mafundisho yao waliliacha jina Imana, wakatumia Mungu, neno la Kiswahili. Ilichukua miongo kadhaa jina la kale kurudi kanisani. Hata hivyo, methali ilibaki midomoni mwa watu, na ndani yake Imana aliendelea kurudi kila jioni.

Msamiati nao ni ushahidi. Neno mwezi, sawa na ukwezi kwa Kinyarwanda, hutaja mwanga wa angani na pia kipimo cha wakati. Kilimia, kundi la nyota, limetokana na kitenzi kulima. Waxhosa wa Afrika Kusini huliita isiLimela, kwa mzizi uleule, na kwa desturi yao mwanamume huhesabu miaka yake tangu jandoni kwa kuonekana kwa nyota hizo. Ni dhahiri kwamba kwa Wabantu wengi nyota haikuwa pambo. Ilikuwa agizo: inuka, ulime, uwe mtu.

Hapa Kamembe agizo hilo bado linasikika. Waislamu hungojea mwezi mwandamo ili waanze kufunga. Wavuvi wa sambaza, samaki walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki vizuri na mavuno hupungua. Mwezi ni mmoja, lakini kila mmoja humwonyesha wajibu wake.

Leo taa za umeme za Kamembe na Bukavu zinafifisha nyota, na mwanafunzi anaweza kukariri neno kilimia bila kuwahi kuliona kundi lenyewe. Neno likikosa kitu chake hubaki ganda tupu. Hivyo tunawahimiza walimu wawatume wanafunzi kwa wavuvi, wakulima na masheikh, wakusanye majina ya nyota kwa Kinyarwanda na Kiswahili, pamoja na kazi ambayo kila jina linamwagiza binadamu. Wazee wanaoyajua wanazidi kupungua.