Chantal: jina la jiwe, si la wimbo

Wengi wakisikia jina Chantal hulihusisha na muziki, kwa kuwa Kifaransa cha kuimba ni "chanter". Sivyo. Asili yake ni "cantal", neno la Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, lenye maana ya jiwe au mwamba.

Kwanza lilikuwa jina la mahali. Jeanne-Françoise Frémyot, mzaliwa wa Dijon mwaka 1572, aliolewa na baroni wa Chantal, akafiwa naye mwaka 1601 akiwa na watoto wadogo. Mwaka 1610, pamoja na askofu Fransisko wa Sales, alianzisha shirika la masista mjini Annecy. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1767, na kwa heshima yake Chantal likaja kuwa jina la wasichana.

Hata hivyo, Wafaransa walianza kuwaita mabinti zao Chantal kwa wingi katika karne ya 20, hasa miaka ya 1940 na 1950. Wengi wao sasa ni mabibi. Kongo, Rwanda na Burundi, ambako jina hilo lilifika pamoja na Kifaransa na Ukatoliki, bado linasikika. Kwa hiyo ukikutana na Chantal, usimwombe wimbo; msifu kwa uthabiti wake.