Nyumba kwa nyumba katika mji wa York

Mara nyingi twasikia neno hili: «Yule ni maskini kwa sababu ya pombe, tena ni mvivu.» Neno hilo lasemwa upesi, na anayelisema pengine hajaingia hata siku moja nyumbani mwa yule anayemsema. Huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, wengi walisema vivyo hivyo. Leo tutaeleza habari za mtu aliyetaka kujua kweli, akatuma watu kubisha hodi.

Jina lake ni Seebohm Rowntree, aliyezaliwa mwaka 1871 katika mji wa York. Baba yake alikuwa na kiwanda kikubwa cha kakao na chokoleti. Kabla yake Charles Booth alikuwa amechunguza mji wa London, akaona kuwa watu 30 hivi katika kila 100 ni maskini. Rowntree akajiuliza: je, katika mji wa kadiri kama wetu mambo yakoje?

Basi mwaka 1899 wajumbe wake wakapita katika mitaa ya wafanyakazi, mlango kwa mlango. Wakafikia jamaa 11,560, yaani watu 46,754. Waliandika vyumba ni vingapi na walalao humo ni wangapi, kodi ya nyumba ni kiasi gani, baba afanya kazi gani, na bomba moja la maji latumiwa na nyumba ngapi.

Kisha Rowntree akapiga hesabu: baba, mama na watoto watatu wahitaji nini kusudi miili yao ipate nguvu tu? Akaona shilingi 21 na peni 8 kila juma. Hapa tusimame kidogo, maana hesabu hiyo ilikuwa kali mno. Nyama ya buchani haikuwamo. Baba asivute tumbako wala kununua gazeti. Mama asinunue stempu ya kumwandikia mtoto aliye mbali. Watoto wasipate hata mwanasesere. Wasitoe sadaka kanisani. Akiugua mmoja wao, hesabu yote imevunjika. Na vibarua wa York walipata shilingi 18 mpaka 21 tu kwa juma!

Watu 20,302 walionekana kuwa katika umaskini, karibu 28 katika kila 100 wa mji mzima. Kati yao, 7,230 walikuwa na mapato yasiyofikia kipimo kile hata wakitumia kila peni kwa akili. Kwa nini? Zaidi ya nusu yao waliishi katika nyumba ambamo baba alikuwa na kazi ya kila siku, ila mshahara ulikuwa mdogo. Wengine walikuwa na watoto wengi, au baba amekufa. Waliokuwa maskini kwa kukosa kazi kabisa walikuwa 2 hivi tu katika kila 100. Je, wavivu wako wapi?

Wale 13,072 waliobaki wangalijiweza kama fedha isingalitumika kwa mambo mengine, na Rowntree hakuficha kwamba pombe ilikuwamo. Lakini hao walihesabiwa kwa macho ya mjumbe aliyeona unyonge nyumbani. Hapo twaona udhaifu wa kazi yake, kwani mama hodari aweza kufagia na kupanga vyombo vizuri, na njaa isionekane.

Aliona tena jambo ambalo mishahara peke yake haikulionyesha: kibarua huwa maskini mara tatu maishani, yaani akiwa mtoto, akiwa na watoto wadogo, na akizeeka.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1901. Hatusemi kwamba kitabu kimoja kilileta sheria, lakini wakubwa walikisoma. Mwaka 1906 halmashauri za miji zikapata ruhusa ya kuwalisha watoto wa shule wenye njaa, na mwaka 1908 ikatoka sheria ya malipo ya uzee kwa maskini waliofika miaka 70.

Rowntree hakuridhika na hesabu moja. Wajumbe walirudi katika mitaa ya York mwaka 1936, akiwa ameongeza kipimo, wakakuta ukosefu wa kazi umekuwa sababu kubwa. Mwaka 1950, miaka minne kabla ya kufa kwake, walibisha hodi mara ya tatu. Safari hiyo maskini walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wazee.