Sitara ya Wazee: Kutoka Nyumba za Kazi hadi Makao ya Wazee ya Uingereza

Sheria ya maskini iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1834 haikudhamiria kumwua fakiri kwa njaa, bali ilitaka, na wala haikuificha nia hiyo, maisha ndani ya nyumba za kazi, yaani majengo ya umma ya kuwahifadhi mafukara, yawe duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliyebaki nje, ili asiingie humo ila aliyekosa pengine pa kukimbilia. Mzee aliyebisha hodi huko alivuliwa nguo zake zikawekwa ghalani, akaogeshwa, akavishwa sare. Na kama alikuja na mkewe, yeye alipelekwa upande wa wanaume na mkewe upande wa wanawake, mpaka sheria ya mwaka 1847 ilipowaruhusu wanandoa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 wasitenganishwe kwa nguvu. Mauti nayo hayakumletea sitara, maana tangu mwaka 1832 maiti ya maskini isiyochukuliwa na jamaa iliweza kupelekwa kwa matabibu ikapasuliwa kwa ajili ya masomo.

Mwaka 1948, Aneurin Bevan akiwa Waziri wa Afya, sheria ile ya maskini ilifutwa, na halmashauri zikapewa wajibu wa kuwapatia wazee makao yaliyo mfano wa hoteli, ambamo mzee, katika pensheni yake ya shilingi 26 kwa wiki, angelipa 21 na kubakiwa na 5 za matumizi, awe mpangaji wala si mwombaji. Nia ilikuwa njema, lakini majengo mengi yalibaki yale yale: Peter Townsend, mwanazuoni wa elimu ya jamii, alizuru makao 173, na katika kitabu chake *The Last Refuge* cha mwaka 1962 akaeleza jinsi wazee walivyokuwa wangali wakilazwa pamoja katika mabweni ya nyumba za kazi za zamani, wakiwa na vitu vichache mno vya kuviita vyao.

Viwango vilivyofuata sheria ya matunzo ya mwaka 2000 ndivyo vilivyotamka kinagaubaga kwamba mlango wa chumba cha mzee uwe na kufuli na ufunguo apewe yeye, kwamba faragha yake ilindwe aogapo na atibiwapo, na kwamba avae nguo zake mwenyewe siku zote. Ikiwa taifa tajiri lilihitaji zaidi ya karne moja na nusu kuyaandika haya, basi yeyote anayekusudia leo kuwajengea wazee makao na aanze na mlango, ufunguo na hodi, kabla ya kuhesabu vitanda.