Kidakatonge

Kwa miaka mingi nilifundisha fonetiki katika chuo cha ualimu, hata baada ya kukabidhiwa ukuu wa chuo, na kila mwaka nilichora ubaoni picha ileile ya alasauti: midomo, meno, kaakaa, ulimi, kidakatonge, nyuzi sauti. Njia ya hewa niliionyesha kwa chaki nyekundu. Njia ya chakula niliwaachia walimu wa biolojia. Wala jina la kidakatonge halikunifikirisha, ingawa waliolitunga walikwisha kueleza kazi yake.

Kaka yangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Akiita jina la mshtakiwa, lilisikika mpaka kwa mama ntilie chini ya mwembe. Alipopatwa na ugonjwa wa Parkinson, sauti hiyo ndiyo iliyotangulia kuondoka. Nyumbani tulidhani amenuna. Mwaka 2004 akaanza kupaliwa na chai. Mimi ndiye niliyemnywesha: namshika kidevu, nakiinua, namwambia, "Kaka, tazama dari," namimina. Baadaye kikohozi kikakoma, tukamshukuru Mungu. Haikupita muda akafariki kwa nimonia.

Nilipostaafu ndipo niliposoma habari za Jeri Logemann, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1942, mtaalamu wa matatizo ya usemi katika Chuo Kikuu cha Northwestern, jimbo la Illinois. Mwaka 1978 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kuwachunguza wagonjwa 200 wa Parkinson. Asilimia 89 walikuwa na hitilafu ya sauti, ilhali wenye hitilafu ya matamshi hawakufika nusu. Kumbe kaka hakununa.

Watu wa sauti walikuwa wamelichungulia koo zamani. Mwaka 1854 Manuel Garcia, mwalimu wa uimbaji aliyekuwa akiishi London, alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno kutazama nyuzi sauti zake mwenyewe zikifanya kazi. (Nafurahi kwamba alikuwa mwalimu.) Lakini kumeza hakuonekani kwa kioo. Tonge likifika nyuma ya ulimi, pumzi husimama, zoloto hupanda juu na kusogea mbele, nyuzi sauti hufumba, kidakatonge huinama, na yote hayo huchukua kiasi cha sekunde moja tu. Nyuzi zilezile nilizowafundisha wanachuo kuwa ni za kusemea, kazi yao ya kwanza ni kulinda mapafu.

Madaktari wa eksirei walikuwa na desturi ya kumpa mgonjwa kikombe cha maji meupe ya bariamu ili waone umio na tumbo. Logemann alipunguza kipimo hadi kijiko, tena kidogo kidogo: kwanza kimiminika, kisha kitu kizito kama uji, kisha kipande cha biskuti kilichopakwa bariamu, huku picha zikirekodiwa koo likiwa kazini. Hakutafuta tu kama kinywaji kinapotea njia. Alitaka kujua kwa nini, na papo hapo kujaribu dawa yake, kwa mfano kumwambia mgonjwa ainamishe kidevu kifuani. Ainamishe, si ainue. Kitabu chake juu ya jambo hili kilitoka mwaka 1983, yaani miaka 21 kabla sijamwinua kaka kidevu. Humo pia nilijifunza kwamba wapo wagonjwa ambao kinywaji huwaingia njia ya hewa wasikohoe hata mara moja. Koo limeacha kuhisi.

Sitaki kujitwisha zaidi ya yaliyo yangu. Mwaka 2008 Logemann na wenzake walitangaza uchunguzi wa wagonjwa 711 wenye Parkinson, au ugonjwa wa kupoteza fahamu za uzeeni, au yote mawili. Walijaribu kuinamisha kidevu, na vinywaji vilivyofanywa vizito kwa viwango viwili. Kile kizito kama asali kilizuia zaidi kuliko vingine. Hata hivyo karibu nusu ya wagonjwa hawakusaidiwa na njia yoyote. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2014.

Huenda kaka angekuwa katika nusu hiyo. Shemeji yangu yu hai, na kila nikimtembelea huniletea chai katika kikombe kile kile cha bati. Bado husimulia wageni jinsi nilivyomuuguza kaka kwa mikono yangu, na namna nilivyokuwa nikimshika kidevu. Mimi hunyamaza, nikanywa chai.