Mji Uliojengwa na Upepo

Nenda pwani ya Bagamoyo maji yakiwa yametoka, utaona kilichoupandisha mji huu na kilichoushusha. Ufuo ni mchanga mtupu, umelala, na kina cha bahari ni kifupi hadi mbali. Jahazi halina shida na ufuo kama huo. Linaingia na maji ya kujaa, maji yakitoka linaegemezwa magadi, watu wanashusha mzigo kwa mabega, na maji yakirudi linaelea likaenda zake. Meli ya moshi haiwezi hivyo.

Karne ya 19 mji ulikwenda kwa upepo na kwa miguu ya watu. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha, na kuvuka kwenda Unguja ni kama kilomita 40 tu. Upande wa bara mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kwa hiyo pembe za ndovu zilibebwa na binadamu. Wanyamwezi waliteremka kwa maelfu kutoka Unyanyembe na kwingineko, safari ya miezi. Wengi walikuwa wapagazi wa ujira. Watu wengine waliletwa wakiwa minyororoni, wakavushwa kuuzwa, na yeyote anayeusifu ustawi wa siku zile lazima awataje na hao.

Kisha ikaja nguvu ya makaa ya mawe. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, meli za moshi zikazidi, nazo zikataka bandari yenye kina. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao makuu ya mwanzo, lakini 1891 wakahamia Dar es Salaam. Reli ya kati ilianza kujengwa huko 1905, ikafika Kigoma 1914. Misafara ikafa. Vitabu vingi huifunga historia ya Bagamoyo hapo, na nilipokuwa nikifundisha somo hilo sekondari niliufunga nao ukurasa mara nyingi kwa uchungu, kwa sababu mimi nimelelewa na kile kilichobaki baada ya hapo.

Marehemu baba alikuwa mshona matanga, Dunda, humuhumu mjini. Alitandika nguo ya merikani barazani, vipande virefu vimepangwa ubavu kwa ubavu, akavishona kwa sindano ya shazia na uzi alioupitisha kwenye nta. Pindo alilizungushia kamba, mshono mmoja kila upana wa kidole. Pembeni alipaacha na ulegevu kidogo, maana tanga likikatwa bapa kama shuka halishiki upepo, linatakiwa litune. Kipimo alikuwa nacho mikononi. Alikuwa akiuliza urefu wa foromali, akatembea barazani kwa hatua, akakata.

Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta ghafi ilianza kupanda, na ndani ya miezi michache pipa likatoka dola 3 hivi hadi karibu 12. Mwaka 1979 yakaja mapinduzi ya Iran, na sisi mwaka huohuo tukatoka Vita vya Kagera hazina ikiwa tupu. Watu wa umri wangu wanakumbuka foleni za petroli na marufuku ya kuendesha magari Jumapili mchana. Barabara yetu ya Dar es Salaam ilikuwa ya vumbi, na masika ikawa tope. Lori likikosa dizeli, bidhaa hazifiki.

Lakini majahazi yalifika. Nazi, boriti, makuti na chumvi vilisafiri kwa tanga, na baba hakuwahi kuwa na kazi nyingi kama miaka ile. Tatizo likawa nguo, kwani nayo iliadimika madukani. Nakumbuka nahodha mmoja amesimama na mzigo wa magunia kichwani.

"Fundi, merikani sijapata. Nimeleta haya."

"Lete, nahodha. Ila kaskazi ikichachamaa usiikaze demani, tanga litafumuka mishononi."

Magunia yale tuliyafumua sisi watoto, na mama akayafua. Tanga likatoka la viraka, zito, na chombo kikaenda nalo Unguja kikarudi.

Chumvi nayo haikusimama. Maji ya bamvua huingizwa kwa mfereji, yakahamishwa jaruba hadi jaruba, jua likiyapunguza na kuyakoleza, mpaka mwisho unavuta chumvi nyeupe kwa reki ukairundika kando. Kazi yote ni jua, upepo na anayejua siku ya kufungua mlango wa maji. Masika ikinyesha, basi, unasubiri.

Katika uhaba huohuo, 1981, mji ulipata Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa. Ngoma haihitaji dizeli. Tamasha lake likawafanya vijana waliokuwa wakiona aibu kuitwa watu wa Bagamoyo wajitaje kwa sauti. Upande wa Mbegani, kwa msaada wa Norway, kilijengwa kituo kikubwa cha uvuvi. Kilifundisha wengi, sibishi, lakini kilitazama zaidi vyombo vya injini, na wavuvi wa jirani wengi walikuwa na ngalawa.

Mwaka 2013 tuliahidiwa bandari kubwa ya Wachina. Ikija, nitaipokea. Ila nimeshaona nguvu ya kutoka mbali ikiuacha mji huu mara moja, na mwaka 2022 petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita, wavuvi waliotupa matanga walikuja kwetu kuulizia ya baba. Hayapo tena, panya walikwishayatafuna. Mshona matanga wa kuwashonea ilibidi watafute Unguja.

Ndiyo maana naomba mambo madogo. Mbegani pawe na darasa la kushona tanga, la kukalafati, la kusoma kaskazi, kusi na matlai, na wafundishe wazee wenyewe kwa malipo halali. Halmashauri ipande miembe ya kuchonga ngalawa, kwa sababu miti minene imekwisha na mwembe haukui kwa mwaka mmoja. Mikoko ya boriti iachwe ipumue. Shazia ya baba ninayo, na atakayefungua darasa hilo nitampa bure.