Taka za Isiolo Zinahesabiwa na Nani?

Wasee, kuna historia ya taka ambayo shuleni hatukufunzwa. Kabla nifike hapa kwetu Isiolo, wacha nianzie Nairobi. Jaa la Dandora lilifunguliwa 1975. Kufikia 2001 lilikuwa limeshatangazwa kuwa limejaa, lakini malori hayakuacha kuja. Mabaki ya chakula yakifukiwa mahali hewa haifiki, yanaoza na kutoa methani. Kilo kwa kilo, kwa miaka 20, gesi hiyo inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi.

Mwaka 2002 Kenya ilipeleka ripoti yake ya kwanza ya tabianchi kwa Umoja wa Mataifa, ikihesabu gesi za 1994. Na hesabu hizi si eti mtu anasimama jaani na mashine. Unachukua idadi ya watu, kilo za taka za kila mtu, sehemu inayooza, halafu unapiga hesabu. Ukikisia taka vibaya, gesi nayo umeikosea.

Katiba ya 2010 ikabadilisha mambo: majaa yakawa kazi ya kaunti, na kaunti zikaanza 2013. Kwa hivyo namba za taka zetu zinafaa kutoka hapa Isiolo, si Nairobi. Mimi nasema lori lipimwe uzito kabla ya kumwaga. Ukame ukipiga, mfugaji wa hapa anajua amepoteza ng'ombe wangapi. Pesa za tabianchi huombwa kwa namba. Bila zetu, tutaenda kuomba na nini?