Sanduku la Kufuli Tatu

Katika nyua za Mbagala, wilayani Temeke, na za Bunju, wilayani Kinondoni, wanavikundi wa kuweka na kukopa huketi duara wakilizunguka sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zimo mikononi mwa watu watatu wa nyumba tatu; mtunza sanduku hana hata mmoja. Mtindo huu ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, na mapema miaka ya 2000 ukawa umekwisha kufika Zanzibar na bara. Uliwafaa hasa watu wa pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako jirani si lazima awe ndugu wala mtu wa kwenu.

Lakini ufunguo mmoja ukipotea, kikundi kizima kimefungiwa nje. Tatizo la namna hiyo wanahisabati walikwisha kulitatua: mwaka 1979 Adi Shamir na George Blakley, kila mmoja kivyake, walionyesha jinsi ya kuigawa siri kwa watu, tuseme, watano, hata watatu wowote waweze kuifungua, na wawili wasiambulie kitu.

Kisha ikaja kwanta, na mambo yakawa magumu. Hali ya chembe ya kwanta usiyoijua hainakiliki, jambo lililothibitishwa mwaka 1982. Nayo ukiichungulia, huiharibu. Itahifadhiwaje, basi? Mwaka 1995 Peter Shor alijibu: hali ya chembe moja itandazwe juu ya chembe tisa. Haziulizwi zimebeba nini. Huulizwa tu kama zinaafikiana. Iliyokengeuka hurekebishwa, na siri haikuguswa.

Shor alikuwa akipambana na joto na mitikisiko, si na wezi. Mwaka 2002 Claude Crépeau, Daniel Gottesman na Adam Smith wakaielekeza njia hiyo kwa binadamu wanaopiga hesabu pamoja bila kufunuliana siri zao. Mshiriki mdanganyifu huhesabiwa kama chembe iliyoharibika. Fikra hii ni nzuri kuliko hata hesabu yake. Kazi huendelea mradi wadanganyifu wasifikie sehemu moja ya sita ya washiriki. Mwaka 2006, wakiwa na wenzao wawili, walikisogeza kikomo hadi karibu na nusu.

Katika vikundi vya sanduku, kabla ya kufuli kufungwa, salio hutajwa kwa sauti na wote hulishika kichwani. Mkutano unaofuata huulizwa kwanza. Akikosea mmoja, wengi humsahihisha, awe amesahau au amekusudia.